Daftari la Maji Kisiwani Pate

Mwenye kwenda Pate hapangi safari yake kwa saa ya mkononi. Huipanga kwa maji ya bahari. Mlango wa Mkanda, baina ya Manda na bara, una kina kidogo maji yakipwa, na nahodha hamngoji sheikh wala tajiri. Basi tuliteremka gatini Lamu mapema, kaskazi ikielekea ukingoni, katika mwezi wa Shaabani ambao wazee wetu huuita Mlisho. Tukapakiwa pamoja na magunia ya unga na mitungi ya gesi, tukasema bismillahi, chombo kikang'oa nanga.

Tulikuwa tumealikwa na maalim mmoja, mwanafunzi wetu wa zamani, ambaye siku hizi anasomesha somo la kilimo katika shule ya kutwa kisiwani humo. Barua yake ilikuwa fupi: "Sheikh, njoo uone mboga zisizojua udongo, kisha utusaidie kwa jambo lililotutatiza."

Ajuaye Pate anajua kwamba shida yake kubwa ni maji. Visima vingi hutoa maji ya chumvi. Kwa hiyo watu wa visiwa hivi tangu zamani wamejenga jabia: uwanja mpana uliosakafiwa na kuinamishwa kidogo, mvua inyeshapo maji yake yatiririke hadi birikani. Masika ikiwa njema, jabia hujaa. Mwisho wa kaskazi, maji huwa chini kabisa, na foleni ya kina mama wenye madumu huanza kabla ya adhana ya alfajiri.

Nyuma ya madarasa tulikikuta kivungulio chenyewe. Si nyumba ya nailoni kama zile za bara, kwani kwa joto la pwani mimea ingeungua humo. Hii ni ya boriti na nyavu nyeusi za kuleta kivuli. Ndani yake mabomba ya plastiki yamelazwa kwa mteremko mdogo, yametobolewa matundu, na kila tundu limeshika kikombe chenye mche. Maji yenye chakula cha mimea hupita chini yakigusa mizizi, kisha hurudi tangini, na pampu ndogo ya umeme wa jua huyapandisha tena. Sukuma wiki na mchicha vilikuwa vimesimama kwa unyenyekevu, kama safu za swala.

Wanafunzi wa gredi ya 8 ndio walinzi wa mahali hapo, nao walitueleza kazi yao bila kigugumizi. Mche haukai katika udongo bali katika vumbi la makumbi ya nazi. Makumbi hayo huoshwa kwa maji matamu mara kadha kabla ya kutumiwa, kwa sababu huja na chumvi yake. Kila asubuhi na jioni hupima asidi ya maji, ambayo hawataki ishuke chini ya 5.5 wala kupita 6.5, na hupima wingi wa madini yaliyoyeyuka. Mbolea huwekwa katika vyombo viwili mbalimbali, kwani kalsiamu ikikutana na fosfeti au salfeti zikiwa nzito, huganda na kuwa mashapo meupe ambayo mizizi haiwezi kuyala. Tangi limefunikwa makuti, kwa kuwa maji yakipata joto hupungukiwa na oksijeni, na mizizi hugeuka rangi ya kahawia na kunuka. Yote haya huandikwa katika daftari, pamoja na madumu yaliyotekwa jabiani siku ile.

Ni katika daftari hilo tulipolikuta lile jambo.

Wiki tatu kabla ya kufika kwetu, zamu ilikuwa ya kijana mmoja. Alipokwenda jabiani alikuta foleni ndefu, na mwisho wake amesimama nyanya yake mwenyewe. Akaona haya kusimama mbele ya wakubwa kwa ajili ya mboga. Akarudi, akateka kisimani, akayamimina tangini. Hakupima. Kisha akaandika: "Madumu matatu, jabia." Siku iliyofuata akafanya vivyo hivyo. Ncha za majani zikaanza kukauka kama zilizopitiwa na moto. Msichana wa zamu iliyofuata alipotia kipimo akakuta madini zaidi ya mara mbili ya kawaida. Nusu ya sukuma wiki ilikufa, nayo ndiyo iliyokuwa imekusudiwa kwa futari ya Ramadhani.

Kijana alikiri mbele ya wenzake. Maalim hakumchapa. Alimwambia apige mstari juu ya maneno yale, asiyafute, na pembeni aandike ya kweli. Tuliuona mstari huo kwa macho yetu, umepigwa kwa mkono uliotetemeka.

Lakini tatizo lilibaki, na baadhi ya wazee walikuwa wamelisema waziwazi: inafaaje kunywesha mboga hali watu wamepanga foleni? Tulikaa nao baada ya swala ya laasiri. Hatukuwaambia kwamba wamekosea, maana hawakukosea. Kiu ya mtu hutangulia. Tuliwaomba walisome daftari. Waliona kwamba maji yale hayamwagwi mchangani yakapotea, bali huzunguka, na kwamba mabomba yote hunywa madumu matatu kwa siku. Tukakubaliana hivi: wanafunzi watateka baada ya isha, kina mama wakishamaliza, na maji yakishuka chini ya alama ya rangi ukutani mwa birika, mimea haitapewa hata tone.

Kijana yule ndiye aliyetubebea mkoba hadi mashuani. Njiani akauliza, "Sheikh, nilikosa kumpisha nyanya?"

"La, mwanangu. Kumpisha kulikuwa wema. Ungerudi useme: leo sikupata maji. Mboga zingenyauka kidogo, na daftari lingebaki safi."

Akanyamaza kitambo. "Niliogopa kuandika sifuri."

Ndugu zangu wazazi, neno hilo tulirudi nalo hadi Lamu. Tujiulize nyumbani mwetu, ni mara ngapi tumewafanya watoto waiogope sifuri kuliko uongo? Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba apandaye mche, kila kiumbe kilacho humo humwandikia mpandaji sadaka. Na amana ya maandishi nayo ni mche, huliwa na wengi.

Nahodha alikuwa akiita, maji yakianza kupwa. Zamu ya usiku wa kwanza wa Ramadhani, maalim alitwambia, amepewa kijana huyo huyo. Mwenyezi Mungu awateremshie masika ya kheri, jabia zijae. Amin.