Sega la Asali Ubaoni: Siku Moja Tabora

Treni ilichelewa kwa saa tano, na heri ilichelewa. Ingewahi, ningeshuka gizani nisiuone mji. Nilishuka alfajiri ya Novemba, mvua ya kwanza imekwisha kunyesha usiku, udongo mwekundu unanukia, kumbikumbi wametapakaa chini ya taa za stesheni. Reli ilifika hapa mwaka 1912. Kabla ya hapo ilikuwa miguu tu.

“Mwangaluka,” alinisalimu mama muuza chai. Nikaitikia kama nilivyofundishwa kwenye behewa: “Mwangaluka, mayu.” Akacheka, akanijazia matobolwa kiganjani, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, vinavyolainika taratibu mdomoni. Pesa yake aliikataa.

Njia ya chuoni inapita chini ya miembe mikubwa. Wenyeji husema iliota kutokana na kokwa walizotupa wapagazi wa misafara. Embe zilikuwa zinaanguka zenyewe, na viatu vyangu vikalowa tope. Huko nilikuwa namfuata rafiki anayefundisha hisabati katika chuo hicho kidogo cha ualimu. Darasa lake lina wanachuo kumi na wanane, naye anajua kila mmoja hukosea wapi.

Asubuhi ile aliingia na sega la asali kwenye sahani. Darasa zima likanukia misitu ya miombo.

“Nyuki angeweza kujenga pembetatu au miraba, na isingebaki nafasi katikati. Kwa nini kachagua pembesita?”

Wakapiga hesabu, eneo likiwa 1 kwa kila umbo. Mzingo wa pembetatu ukatoka 4.56, wa mraba 4, wa pembesita 3.72. Nta kidogo, asali ileile! Binti mmoja wa mstari wa mbele akainua mkono: “Lakini mwalimu, tumejaribu maumbo matatu tu. Mengine je? Yenye kingo zilizopinda?” Mwalimu akaweka chaki chini. Nilimwona uso unavyong’aa. Akawaeleza kwamba mwandishi Varro wa Roma aliandika habari ya pembesita za nyuki zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na uthibitisho kamili ukapatikana mwaka 1999 tu, kwa Thomas Hales wa Marekani. Kisha sega likaliwa, nami nikalamba vidole bila haya.

Vipindi vikiisha, rafiki yangu hujifungia na madaftari yake, akitafiti jinsi ya kufundisha uthibitisho kwa vitu ambavyo mwanafunzi wa hapa Unyamwezi amevishika tangu utotoni. Umeme hukatika, taa ya kandili iko tayari mezani.

Jioni tulipanda bodaboda hadi Kwihara, kwenye tembe alimokaa msafiri Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Njiani rafiki yangu alinipa swali lake la kukokotoa wastani: wasafiri Burton na Speke walitumia siku 134 kutoka pwani hadi hapa mwaka 1857, na Burton alikadiria maili 600. Ni kama kilometa saba kwa siku. “Ila hakuna aliyetembea saba kila siku,” akasema. “Kuna siku za homa, siku za kungoja chakula, siku wapagazi wametoroka. Hapo ndipo wanachuo huanza kubishana, na mimi hunyamaza nikawasikiliza.”

Ukienda Tabora, nenda Novemba, na uombe ruhusa ya kukaa nyuma darasani. Utapewa kiti, na kipande cha sega.