Kibanda cha Magogo

Msomaji, kama wewe ni mpenzi wa habari za watu waliotangulia, bila shaka umekwisha kutana na kile kibanda cha magogo kisichokosa kutajwa katika vitabu vya viongozi wa kale wa Marekani. Kimejengwa msituni, kina chumba kimoja, sakafu yake ni udongo, na mlangoni pake amesimama mtoto asiye na viatu ambaye kabla ya kitabu kwisha atakuwa Rais. Nimesoma vitabu vya namna hii kwa miaka mingi, vingine kwa raha na vingine kwa subira, na desturi yangu ni kukitazama kibanda kabla ya kumtazama mtoto. Mtoto husifiwa na kila mwandishi. Kibanda hakiulizwi neno.

Nacho kilikuwa kitu cha kweli, tena cha maana sana. Waingereza wa kwanza waliohamia Marekani hawakuwa na ujenzi huo kwao. Walioupeleka ni Waswidi na Wafini waliofika katika bonde la mto Delaware tangu mwaka 1638, na kutoka hapo ukaenea kwa walowezi wengine hata ukafika magharibi, yaani nchi za mpakani, ambako mashamba yao yalikoma na msitu ukaanza. Mtu mwenye shoka aliweza kujipatia nyumba bila ya msumari hata mmoja. Aliangusha miti, akachonga pengo karibu na kila ncha ya gogo, ili gogo likilazwa juu ya jingine yashikane pembeni yasiteleze. Nyufa zilizibwa kwa vipande vya miti, kisha zikakandikwa udongo. Na mwanafunzi aliyewahi kukandika nyumba hahitaji kuelezwa zaidi. Dohani ilikuwa ya fito na udongo, ikishika moto mara kwa mara. Dirisha, kama lilikuwapo, lilizibwa kwa karatasi iliyopakwa mafuta ili nuru ipite na upepo uzuiwe. Kuyainua magogo ya juu hakukuwa kazi ya mtu mmoja. Majirani walikuja kutoka mbali, wakainua pamoja, na mwenye nyumba akawalisha. Hapo naona watu niwajuao.

Sasa mtazame Abraham Lincoln, maana habari zake ndizo zisomwazo kuliko zote. Alizaliwa Kentucky tarehe 12 Februari 1809 katika kibanda cha namna hiyo. Babu yake, aliyeitwa jina lilo hilo, aliuawa na wenyeji wa nchi mwaka 1786 akiwa shambani pamoja na wanawe. Baba yake, Thomas, alikuwa mkulima na seremala, na hati za mashamba aliyonunua Kentucky zilikuwa za kugombaniwa mahakamani, jambo lililomchosha. Mwaka 1816 aliwachukua mkewe na watoto wake wawili, akavuka mto Ohio kuingia Indiana. Yasimuliwa kuwa walikaa siku za kwanza za baridi katika kibanda chenye kuta tatu tu, na upande wa nne ukawa moto uliokokwa usiku na mchana.

Miaka miwili baadaye mama yake, Nancy, aliugua ugonjwa ulioitwa ugonjwa wa maziwa. Ng'ombe waliofunguliwa msituni walikula mmea mmoja wenye maua meupe, sumu ikaingia katika maziwa, na mtu aliyeyanywa akatapika, akaishiwa nguvu, akafa baada ya siku chache. Watu wa siku zile waliona tu kwamba mauti yalikuwa na uhusiano na maziwa. Uchunguzi uliothibitisha sumu yenyewe ulifanywa katika miaka ya 1920. Nancy akafa mwezi wa Oktoba 1818. Thomas alipasua mbao za jeneza, na husemwa kuwa Abraham, mtoto wa miaka tisa, alichonga vijiti vya kulipigilia. Nikifika ukurasa huo huacha kusoma kidogo. Waandishi wengi hupita hapo upesi wapate kufika Ikulu, nami naona wamekosa adabu.

Shule aliyosoma Lincoln, ukiijumlisha yote, haikutimia mwaka mmoja. Kilichobaki alijisomea. Kitabu kimoja alichokisoma utotoni ni habari za George Washington zilizoandikwa na Weems, aliyekuwa mhubiri na mchuuzi wa vitabu. Kuna kisa kwamba aliazima kwa jirani kitabu cha maisha ya Washington, nacho kikalowa mvua, naye akalipa kwa kufanya kazi siku tatu katika shamba la mahindi la jirani huyo.

Huyu Weems nakuomba umshike vizuri. Washington alikufa mwaka 1799, na mwaka 1800 kitabu kilikuwa tayari sokoni. Kikauzwa sana, kikachapwa tena na tena, na katika chapa ya mwaka 1806 kikaongezwa kile kisa kijulikanacho duniani kote, cha mtoto Washington aliyeukata mti wa cheri wa baba yake kwa kishoka kisha akakiri kwa kuwa hakuweza kusema uongo. Wanahistoria hawakupata ushahidi wowote wa kisa hicho, nao wengi wanaamini Weems alikitunga. Basi kisa kilichofundisha mamilioni ya watoto kusema kweli, chenyewe si cha kuaminiwa. Wako watu wanaocheka hapo na kukitupa kitabu. Mimi sikitupi. Tarehe 21 Februari 1861, alipokuwa safarini kwenda kuushika urais, Lincoln alisimama mbele ya Seneti ya jimbo la New Jersey mjini Trenton, akakitaja kitabu cha Weems alichokisoma zamani. Alikumbuka kivuko cha mto, mapigano ya Trenton na dhiki walizostahimili askari wa Washington. Mti wa cheri hakuutaja.

Kibanda nacho kilipatiwa akina Weems wake. Mwaka 1840 chama cha Whig kilimsimamisha William Henry Harrison kugombea urais, naye alikuwa mzee wa miaka 67. Gazeti moja la wapinzani lilimdhihaki likisema apewe pipa la pombe ya matofaa na posho kidogo, naye ataridhika kukaa katika kibanda cha magogo siku zake zilizobaki. Wafuasi wake hawakukasirika, bali waliichukua dhihaka hiyo wakaifanya bendera. Vibanda vya magogo vilijengwa mijini, vingine vikawekwa juu ya magurudumu na kukokotwa barabarani, nyimbo zikaimbwa, pombe ya matofaa ikamwagwa vikombeni, na Harrison akawa mtoto wa maskini. Kumbe alizaliwa Berkeley, Virginia, katika jumba la matofali lenye shamba kubwa lililolimwa na watumwa, na baba yake alikuwa gavana wa Virginia na mmojawapo wa waliotia sahihi Tangazo la Uhuru la mwaka 1776. Mpinzani wake, Martin Van Buren, aliyetangazwa kuwa mpenda anasa, ndiye aliyezaliwa na mwenye hoteli ndogo ya kijijini. Harrison akashinda kwa kura 234 za wajumbe dhidi ya 60, akatawala siku 31, akafa.

Baada ya hapo wanasiasa walijua thamani ya gogo. Mwezi wa Mei 1860, chama cha Republican cha Illinois kilipokutana Decatur, jamaa ya Lincoln, John Hanks, aliingia mkutanoni na magogo mawili yaliyopasuliwa ya kujengea ua, yenye kitambaa cha kutangaza kwamba Lincoln aliyapasua mwaka 1830. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Lincoln alipoulizwa alijibu kwa uangalifu kwamba hawezi kuapa kuwa ni hayo, ila amepasua mengi yaliyo mazuri kuliko hayo. Jibu hilo lanipendeza kuliko magogo. Mtu huyu, alipotakiwa aeleze utoto wake, alieleza kwa maneno machache sana, wala hakuona fahari katika umaskini ule. Waliouonea fahari ni wale ambao hawakulala ndani yake.

Hata leo pale Kentucky alipozaliwa pana hekalu la mawe lililokamilika mwaka 1911, lenye ngazi 56, idadi ya miaka aliyoishi. Ndani yake kimewekwa kibanda cha magogo, na watu waliingia humo kwa heshima wakidhani ni kile alichozaliwa. Mwaka 2004 wataalamu waliyapima magogo hayo kwa pete za miti wakaona kwamba gogo la zamani kupita yote lilikatwa mwaka 1848, wakati Lincoln alikuwa mtu mzima wa miaka 39, mjumbe katika Bunge la Washington. Hekalu halikubomolewa. Kibanda sasa huelezwa kuwa ni mfano tu.

Lakini swali nililo nalo juu ya kibanda si kama magogo yake ni ya kweli tu. Kibanda hakisimami hewani, husimama juu ya ardhi, na ardhi ile ilikuwa ya nani? Vitabu vingi vya zamani husema nchi ilikuwa tupu. Sisi wa Kenya tuna sababu ya kulisoma neno hilo polepole, kwa kuwa kwetu pia mashamba yaliitwa matupu, na sheria ya ardhi ya mwaka 1915 ikaitia ardhi ya wenyeji mikononi mwa Mfalme wa Uingereza. Huyo huyo Harrison alikuwa gavana wa Indiana kabla haijawa jimbo kamili, na kwa mikataba aliyofunga na baadhi ya wazee wa wenyeji, ekari nyingi zilihamia kwa walowezi. Mkataba wa Fort Wayne wa mwaka 1809 peke yake ulihusu karibu ekari milioni 3. Mwaka uliofuata Tecumseh, kiongozi wa Washawnee, alimwendea Vincennes akamwambia kwamba nchi ni ya mataifa yote ya wenyeji pamoja, wala taifa moja haliwezi kuiuza. Hawakupatana. Mwaka 1811 Harrison aliongoza jeshi mpaka mji wa Tecumseh penye mto Tippecanoe, mwenyewe akiwa safarini, na baada ya mapigano ukachomwa moto. Jina la mto huo ndilo lililoimbwa kando ya vile vibanda vya magurudumu mwaka 1840.

Andrew Jackson naye alikuwa mtu wa mpakani hasa, yatima wa vita vya uhuru, akapanda kwa nguvu zake mpaka urais mwaka 1829. Katika shamba lake huko Tennessee aliishi kwanza katika nyumba ya magogo. Alipojenga jumba la matofali, ile nyumba ya magogo ilipunguzwa ghorofa, ikawa makao ya watumwa wake, ambao jumla yao ilizidi mia. Magogo ni yale yale. Lakini mtoto aliyezaliwa humo baada ya Jackson kuhama, kitabu gani kilimngoja?

Na ni Jackson aliyetia sahihi sheria ya mwaka 1830 ya kuwahamisha wenyeji wapelekwe ng'ambo ya mto Mississippi. Wacherokee walikwenda mahakamani, na mwaka 1832 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba jimbo la Georgia halikuwa na mamlaka juu ya nchi yao. Haikuwafaa kitu. Mwaka 1838, Van Buren akiwa Rais, askari waliwatoa majumbani, na miongoni mwa watu wapatao 16,000 yakadiriwa kwamba 4,000 walikufa kambini na njiani. Majumba waliyotolewa, msomaji, mengi yalikuwa ya magogo, yenye mashamba ya mahindi na miti ya matunda.

Hao ndio watu walioitwa washenzi. Mmoja wao, Sequoyah, alikuwa mhunzi na mfua fedha asiyejua kusoma Kiingereza. Aliwaona wazungu wakizungumza kwa karatasi, akakusudia kuipatia lugha yake mwandiko. Alijaribu kwanza alama moja kwa kila neno, akaona hazina mwisho. Ndipo akaigawa lugha kwa silabi, kama wewe ulivyofundishwa ba, be, bi, bo, bu, na mwaka 1821 kazi ikatimia. Alama zake zitumikazo ni 85. Katika miaka michache Wacherokee kwa maelfu walijua kusoma, na mwaka 1828 wakaanza kuchapa gazeti lao huko New Echota kwa lugha mbili.

Sequoyah mwenyewe alikuwa amekwisha kwenda magharibi kabla ya uhamisho ule mkuu, na mwaka 1829 alijenga nyumba katika nchi iitwayo leo Oklahoma. Ni kibanda cha magogo chenye chumba kimoja. Katika miaka ya 1930 kilijengewa nyumba ya mawe kukizunguka, kama kile cha Kentucky kilivyojengewa hekalu, na tangu mwaka 2016 kimo mikononi mwa Taifa la Wacherokee. Magogo haya ndiyo aliyoyachonga mwenyewe.