Umeme wa Haidrojeni na Mlima wa Kitonga

Mwaka 1839 William Grove, mwanasheria na mwanasayansi wa Wales, alionyesha ya kuwa haidrojeni na oksijeni zikikutanishwa kwa utaratibu hutoa umeme na maji. Hapana moto unaoonekana, wala pistoni ipandayo na kushuka. Siku hizi chombo cha namna hiyo, nitakachokiita seli ya haidrojeni, huendesha motokaa na malori katika nchi kadhaa, na hapa bwenini kwetu kimezusha ubishi mkubwa. Wenzangu wengi hushikilia kwamba ukitaka nguvu zaidi, basi fungua haidrojeni zaidi, kama dereva akanyagavyo mafuta. Mimi nasema sivyo.

Seli moja isiyo na mzigo hutoa volti 1 hivi. Ikianza kufanya kazi, volti hushuka mpaka 0.7 au 0.6, ndiyo sababu seli hupangwa mamia kwa mfululizo. Mota ya lori ndiyo inayovuta mkondo, na haidrojeni hutumika kwa kadiri ya mkondo uliovutwa. Lakini kadiri unavyovuta ampea nyingi, ndivyo volti zinavyopungua. Tuseme seli inavutwa ampea 300 kwa volti 0.65: hizo ni wati 195. Ukiidai ampea 500, nayo ikaanguka hadi volti 0.35, utapata wati 175 tu. Umedai zaidi, ukapewa pungufu! Katika yote niliyojifunza muhula huu, hakuna lililonishangaza kama hili.

Tena yako mambo ya hewa. Haidrojeni imo mtungini kwa shinikizo kubwa, hufika upesi. Mwenye taabu ni oksijeni, maana hutoka katika hewa hii hii tuivutayo, ikisukumwa na kompresa. Kompresa ni chuma kinachozunguka, hakiwezi kuongeza mwendo kwa kufumba na kufumbua, na chenyewe hula umeme wa seli hizo hizo. Dereva akidai nguvu kwa ghafula, oksijeni iliyomo hwisha kabla nyingine haijafika. Volti huanguka, na seli ikikosa hewa hivyo mara nyingi huharibika. (Mpishi wetu hana haja ya kufundishwa haya. Jiko la mkaa halifuati njaa ya wanafunzi, hufuata upepeo.)

Kwa hiyo kompyuta ya lori huzuia seli zisivutwe haraka kuliko hewa inavyokuja, na pengo hilo la sekunde chache huzibwa na betri.

Baba yangu ni dereva wa lori la mizigo kati ya Dar es Salaam na Mbeya. Likizo iliyopita nilimweleza habari hizi zote. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akauliza neno moja tu: "Na Kitonga je, mwanangu?"

Asiyepajua Kitonga na ajue kuwa ni mlima wa mkoa wa Iringa, ambapo barabara hupanda kwa kujipinda kilomita kadhaa, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Lori likiishiwa nguvu pale, utingo hurukia chini na gogo lake akaliweke nyuma ya tairi, naye huomba Mungu awahi. Pengo la mlima huo si la sekunde chache.

Nikachukua kalamu. Nilikuwa nimesoma habari za lori la Hyundai XCIENT, ambalo tangu mwaka 2020 limekuwa likibeba mizigo Uswisi, nchi ya milima vilevile. Seli zake hutoa kilowati 190, na mota yake yaweza kutumia 350. Zilizobaki, kilowati 160, ni za betri, nayo huweka kilowati-saa 73 hivi. Gawanya, utapata dakika 27. Lakini betri haikamuliwi mpaka tone la mwisho, basi nikampa Baba dakika 15.

"Na mbele yangu yuko mwenye mzigo mzito kuliko wangu?" akauliza.

Nikamjibu kwamba betri ikichoka zitabaki zile kilowati 190 za seli, na lori litapanda polepole. Baba akasema kutambaa anakuzoea. Anachokiogopa ni kusimama.

Hapo ndipo nilipoona kazi yenyewe ilipo. Kompyuta ya lori la namna hii yafaa iujue mlima kabla ya kuufikia. Tangu Ruaha Mbuyuni, njia ikiwa bado nyepesi, seli ziongezwe kidogo kidogo kujaza betri. Wala si vema kuziacha seli karibu bila mzigo kwa muda mrefu, maana hapo volti hupanda sana, na volti nyingi hula platinamu iliyomo ndani yake. Seli hupenda kazi ya wastani isiyobadilika ghafula.

Na safari ya kurudi? Wakati wa kuteremka mota hugeuka jenereta, ikalishika lori na kurudisha umeme kwenye betri. Ila betri ikifika pale juu imejaa, umeme huo hauna pa kwenda, na mzigo wote wa kulizuia lori huziangukia breki nyingine. Kwa hiyo atokaye Mbeya yampasa afike ukingoni mwa Kitonga betri yake ikiwa na nafasi, kinyume kabisa cha yule atokaye Dar es Salaam. Hili sijamwambia Baba bado, yuko njiani.