Sindano ya Kabla ya Kisu

Mgonjwa wa dharura hanisumbui sana kwa upande wa antibayotiki. Anafika thieta hajaguswa, dawa zote nampa mwenyewe. Anayeniumiza kichwa ni yule aliyepangiwa saa 4 asubuhi. Huyo kapigwa sindano wodini tangu saa 12 alfajiri, muuguzi wa zamu ya usiku akimaliza kazi zake kabla ya kukabidhi, na kwenye faili pameandikwa kwa mwandiko mzuri kabisa: sefazolini gramu 1, imetolewa. Halafu mgonjwa wa kwanza anachukua muda mrefu, umeme unakatika, seti ya vifaa bado iko kwenye otoklevu. Wa saa 4 anapanda mezani saa 7 mchana.

Nikipiga simu wodini kuomba kichupa kingine, najibiwa, "Lakini kaka, mbona huyo nilishampa?"

Amempa kweli. Ila mimi kazi yangu ni usingizi, na mtu wa usingizi anaishi kwa kuhesabu dawa zinavyoingia na kutoka mwilini. Sefazolini ikishaingia kwenye mshipa, figo zinaanza kuitoa papo hapo, na kila baada ya saa 2 hivi kiasi kilichomo kwenye damu kinapungua kwa nusu. Sindano ya saa 12 alfajiri, ikifika saa 2 asubuhi imebaki nusu. Saa 4, robo. Saa 6 mchana, thumuni. Saa 7 hata hiyo thumuni haipo. Tena sehemu kubwa ya kilichobaki, kama asilimia 80, imeshikamana na protini za damu na haitoki nje ya mshipa. Kinachopenya hadi kwenye mafuta ya chini ya ngozi, pale kisu kinapopita na bakteria wa ngozi wanapopata mlango, ni ile sehemu huru peke yake. Ampisilini ndiyo usiseme. Nusu yake huondoka kwa muda wa saa 1 hivi.

Kuchelewa kila mtu anakuogopa. Mwaka 1961 daktari Mmarekani John Burke aliwachoma simbilisi bakteria kwenye ngozi, kisha akawapa dawa kwa nyakati tofauti. Dawa iliyochelewa kwa saa 3 ilikuwa sawa na kutotolewa. Hilo tulifundishwa, na nadhani ndilo linalomfanya muuguzi wa usiku awahi kiasi kile. Lakini mwaka 1992 David Classen na wenzake wa Salt Lake City walitoa takwimu za wagonjwa 2,847. Waliopata dawa ndani ya saa 2 kabla ya kisu, asilimia 0.6 tu vidonda vyao vilipata maambukizi. Waliopata zaidi ya saa 3 baada ya kisu, asilimia 3.3. Waliopata mapema mno, kati ya saa 2 na 24 kabla, asilimia 3.8. Waliowahishwa walifanya vibaya sawa na waliocheleweshwa.

Kwa hiyo mimi naanza ndani ya dakika 60 kabla ya kisu, mgonjwa akiwa tayari mezani na kanula inapitisha vizuri. Nachanganya unga na maji ya sindano, natikisa, nainua kichupa kwenye taa kuona kama kuna chembe, kisha nasukuma taratibu kwa dakika 3 hadi 5. Saa naiandika kwenye plasta na kuibandika mbele yangu. Vankomisini ina utaratibu wake: lazima ipite kwenye dripu kwa muda wa saa nzima, vinginevyo uso na shingo vinawiva na presha inashuka, hivyo inaanzishwa mapema zaidi. Na kama ni upasuaji wa goti, dawa iishe kuingia kabla mkanda wa kubana paja haujajazwa upepo. Ukishajazwa, damu haishuki mguuni, na dawa haina njia nyingine ya kufika.

Kwa wajawazito nina ubishi wa miaka mingi. Zamani tulisubiri mtoto atoke na kitovu kibanwe, kwa kuhofia dawa imfikie. Hapo ngozi na mji wa mimba vyote vimeshakatwa bila ulinzi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema apewe kabla ya kisu, na nashangaa bado wapo wanaosubiri. Ukizingatia kwamba mjamzito ana damu nyingi kuliko kawaida na figo zake zinachuja kwa karibu nusu zaidi, dawa yake huzimuliwa na kutoka haraka.

Upasuaji ukivuka saa 4, narudia dozi. Vilevile damu ikimwagika kupita lita 1.5, kwa sababu dawa inatoka nayo na maji tunayoongeza yanazimua iliyobaki. "Daktari, naongeza sefazolini." "Ongeza." Maneno hayatakiwi zaidi ya hayo.

Suala la wodini tumelimaliza kwa njia rahisi: kichupa kinakuja na mgonjwa, hakijafunguliwa. Lililobaki ni siku tano za sindano baada ya mshono, kwa mgonjwa ambaye hana maambukizi yoyote. Damu iliyoganda ndani ya kidonda haina mishipa, na dawa ya kesho yake inaifikia kwa shida. Mwongozo wa mwaka 2016 wa shirika hilohilo unakataa kuendeleza, maana faida haionekani na bakteria sugu wanapata nafasi. Ila nenda kamweleze ndugu wa mgonjwa kwamba sindano zimekwisha siku ileile ya upasuaji. Juzi mama mmoja aliniuliza kama ni kwa sababu hawajalipia. Nilimwambia bili imelipwa yote, na dawa ilishafanya kazi yake mwanawe akiwa amelala. Hakuniamini, akaenda kumuuliza sista.