Kabla ya Kumtaja Mkosaji



Amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani yetu uongo. Wengi tukiisikia amri hiyo tunawaza mahakama, kiapo na shahidi aliyepokea fedha. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2477, inalitaja kosa lililo karibu zaidi na meza zetu za chakula, nalo ni hukumu ya haraka: kuusadiki ubaya wa mwenzetu, hata kimoyomoyo, pasipo msingi wa kutosha. Juma hili tunapenda kulitazama kosa hilo kwa msaada wa jambo ambalo vijana wetu wanalifahamu vizuri, yaani kompyuta inayogoma.

Zipo programu za kuigiza urubani. Mtu huketi nyumbani mbele ya kioo cha kompyuta, akashika usukani mdogo, akajifunza kupaa, kusoma saa za ndege na kutua. Programu hizi huitumia kompyuta kwa nguvu zake zote, na ndiyo sababu mfumo endeshi unapobadilishwa huwa miongoni mwa zile za kwanza kulalamika. Tarehe 14 Oktoba 2025 msaada wa kawaida wa mfumo wa Windows 10 ulifikia ukomo, na familia nyingi duniani zikahamia toleo jipya. Mabadiliko ya namna hiyo yakitokea, jambo lililokuwa likienda vema jana laweza kukatika leo, ndege ikiwa bado angani.

Ndivyo ilivyotokea katika nyumba moja tunayoifahamu, na wenyewe wameturidhia tulisimulie bila ya kuwataja. Kijana mkubwa anatamani kuwa rubani, na kila jioni alikuwa akifanya mazoezi. Kompyuta ilipohamishiwa mfumo mpya, programu yake ikaanza kujifunga yenyewe kila baada ya dakika chache. Mdogo wake, mtumishi wa altare, ndiye aliyekuwa ameitumia kompyuta hiyo siku moja kabla. Basi hukumu ikatolewa papo hapo: ameingiza michezo yake, ameharibu, na sasa anakana. Alikatazwa kuigusa kompyuta. Hilo lingevumilika. Lakini aliitwa mwongo mbele ya wanajumuiya waliokuja kusali nyumbani kwao, na tangu jioni ile akaacha kuja kutumikia Misa. Muda wa majuma matatu ndugu wawili walilala chumba kimoja pasipo kusalimiana.

Tulipofika pale kwa ajili ya amani ya nyumba ile, tulifuatana na kijana mmoja wa parokia ambaye kazi yake ni kutengeneza kompyuta. Yeye hakuuliza ni nani aliyeharibu. Aliuliza ni nini kilichobadilika, na lini. Kisha akafungua daftari la matukio, mahali ambapo mfumo huandika kila programu inapoanguka: saa ya anguko, namba ya kosa, na jina la faili ambamo anguko limetokea. Namba iliyoonekana ilikuwa 0xc0000005, maana yake programu imejaribu kugusa sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta isiyoruhusiwa. Na faili lililotajwa lilikuwa ntdll.dll, ambalo ni mali ya mfumo wenyewe.

Kijana mkubwa akasema, "Basi mfumo ndio wenye kosa." Fundi akatikisa kichwa, akaeleza jambo ambalo sisi tumelibeba moyoni tangu siku ile. Faili hilo hutumiwa na karibu kila programu. Mara nyingi mwingine huharibu kitu huko nyuma, kimyakimya, na baadaye faili hili linapokuja kukitumia kitu hicho ndipo linapoanguka. Kwa hiyo jina lililoandikwa daftarini ni jina la yule aliyeangukia pale, nalo silo lazima jina la yule aliyesababisha. Ndugu wapendwa, ni mara ngapi katika familia zetu yule aliyekutwa mahali pa tukio amebebeshwa mzigo wa yule aliyekwisha kupita?

Fundi akafanya kazi kwa utaratibu, akibadili jambo moja tu kwa wakati mmoja. Kwanza akaweka draiva mpya ya kadi ya picha iliyotengenezwa kwa ajili ya mfumo mpya, kisha akajaribu. Programu ikaanguka. Akaliondoa folda la nyongeza, yaani ndege na viwanja vilivyotengenezwa na watu wengine na kuongezwa baadaye, akajaribu tena. Ndege ikaruka saa nzima bila ya kikwazo. Nyongeza zilikuwa 32. Akarudisha 16, kisha akaendelea kugawa nusu kwa nusu, na baada ya majaribio matano likabaki jina moja: ndege ya zamani, ambayo haikuwahi kusahihishwa ili ipatane na mabadiliko. Aliyeiweka ni kijana mkubwa mwenyewe, miaka miwili nyuma. Mdogo wake hakuwa na sehemu yoyote.

Jambo hili si geni kwa wapenzi wa programu hizo. Mfumo wa Windows 7 ulipotoka mwaka 2009, watumiaji wa Flight Simulator X ya mwaka 2006 waliiona ikianguka walipofungua menyu mara kwa mara. Chanzo kilikuwa faili la mfumo liitwalo UIAutomationCore.dll, na wengi walipata nafuu kwa kuliweka toleo lake la zamani ndani ya folda la programu. Nayo Flight Simulator ya mwaka 2003 ilipofika katika Windows 10, diski yake halali ilikataliwa kwa kuwa mfumo huo haukubali tena ulinzi wa SafeDisc uliowekwa kuzuia nakala za wizi. Dalili zinafanana, lakini vyanzo ni mbalimbali. Pasipo kuchunguza, huwezi kuvitofautisha.

Maandiko Matakatifu yanatupatia mfano wa uchunguzi wa namna hii. Katika sura ya 13 ya kitabu cha Danieli, Susana amekwisha kuhukumiwa kifo kwa neno la wazee wawili wenye heshima, na umati umeridhika. Kijana Danieli anasimama na kuomba jambo dogo sana: wazee hao watenganishwe, kila mmoja aulizwe peke yake ni chini ya mti gani aliwaona. Wakataja miti miwili tofauti. Swali moja, kwa mtu mmoja, likaokoa uhai wa asiye na hatia. Haraka ya umati ilikuwa karibu kumwua.

Hata hivyo, kuupata ukweli hakukumaliza kazi. Programu ilikwisha kupona jioni ile, lakini mtoto alikuwa bado ameketi nje. Katekisimu, namba 2487, inatufundisha kwamba kila kosa dhidi ya ukweli linadai malipizi, hata pale aliyekosa amekwisha kusamehewa. Tuliwaambia hivyo wazazi na kaka: neno lililosemwa mbele ya jumuiya haliondolewi kwa kunong'ona chumbani. Juma lililofuata, jumuiya ilipokutana, baba alisimama kwanza, kisha kaka, wakasema wazi kwamba walimsingizia. Mtoto hakujibu kitu. Alirudi altareni baada ya Dominika mbili, na kumwitikia kaka yake kulichukua muda mrefu zaidi. Jina la mtu huvunjwa kwa sentensi moja, lakini hujengwa upya taratibu.

Tunawaachieni basi mazoezi matatu kwa juma hili. Kabla ya kuuliza ni nani, tuulize ni nini kilichotokea. Tumpatie anayetuhumiwa nafasi ya kusema, tukiyapokea maneno yake kwa tafsiri iliyo njema kadiri inavyowezekana, kama namba 2478 inavyotuelekeza. Na kama tulikwisha kumsingizia mtu hadharani, tumsafishe hadharani, mbele ya masikio yaleyale.

Bikira Maria wa Loreto, ambaye Papa Benedikto XV alimtangaza kuwa msimamizi wa wanaanga tarehe 24 Machi 1920, ndiye pia Mama wa ile nyumba ndogo ya Nazareti. Awaombee vijana wetu wanaotamani kuruka, na awaombee zaidi wale wanaolala chini ya paa moja wakiwa hawasemezani.

Tukutane tena juma lijalo. Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.