Mama, halitamkwi hivyo!

Mama mmoja anauza mboga Soko Kuu la Chifu Kingalu, mjini Morogoro. Alizaliwa Mgeta, huko juu Uluguru, akaishia darasa la saba. Kila jioni alikuwa akikaa na binti yake, aliyeanza kidato cha kwanza, akimsikiliza akisoma.

Siku moja alisoma mwenyewe neno kwenye daftari: "ve-ge-ta-ble", kila silabi mahali pake. Binti akacheka hadi machozi. "Mama, ni vejtabo! Tena ndiyo biashara yako!"

Mama naye akacheka. Lakini kesho yake hakukaa tena mkekani. Alisema amechoka. Kikao cha wazazi kilipotangazwa, binti akaomba aende baba. Mama alikubali haraka mno.

Baba ni dereva wa bodaboda. Usiku ule alimwambia binti aandike siku za wiki kwa Kiingereza, kisha azisome. Alipofika "Wednesday" akaitamka d kwa nguvu.

"Hiyo d haitamkwi," baba akasema. "Abiria mmoja alinirekebisha, wala hakunicheka."

Binti akanyamaza. Kosa lake na la mama lilikuwa moja. Kiswahili kina irabu tano, kila moja na sauti yake, na tunatamka kilichoandikwa. Kiingereza huandika herufi kisha huzimeza. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akafika sekondari akakuta karibu kila somo ni kwa Kiingereza, atajikwaa tu.

"Na mimi nawapandisha watu Moningisaidi," baba akaendelea. Ndivyo wengi mjini wanavyopaita Morningside, penye nyumba ya zamani ya Wajerumani mlimani. "Wageni wanapatamka kwao, mimi kwangu, na tunafika palepale. Mama yako anauza karoti na kabichi. Unadhani hayo maneno yalitoka wapi? Mbona huyacheki?"

Siku ya kikao baba aliwahi kijiweni. Binti akaenda sokoni na sare yake, akasimama mbele ya meza ya mboga.

"Mama, tutachelewa."

Mama alitazama kanga yake yenye udongo wa karoti. "Nikiulizwa kwa Kiingereza?"

"Utajibu. Nitakuwa pembeni yako."

Akamwomba jirani amwangalizie meza, akafuta mikono.