Kanda za Mwanakwerekwe

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi nyimbo zao kwa kampuni ya His Master's Voice. Sahani zile za santuri zilirudi zikauzwa Unguja na mwambao mzima, na kwenye kibandiko cha kila moja lilipigwa chapa jina la mwimbaji.

Sisi wa enzi ya kaseti tulinunua muziki kwa namna nyingine. Pale Mwanakwerekwe tulipeleka dukani kanda tupu, tukachagua taarabu tuitakayo, naye muuzaji akatunakilia kutoka kanda ambayo nayo ilikwisha kunakiliwa. Jioni tuliikuta imeandikwa kwa kalamu neno moja tu: "Taarabu". Tulifurahi, maana bei ilikuwa nafuu. Wala hatukuuliza mtunzi amepata nini. Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ilitungwa mwaka 2003, wakati kaseti zimeshaanza kuzipisha sidii.

Kanda moja tunayo hadi leo, iliyopigwa harusini kwetu. Wimbo wa mwisho umekatika katikati kwa kuwa utepe uliishia hapo. Anaimba mwanamke, na kila tuliyemsikilizisha ameshindwa kututajia jina lake.